Nilitia magadi kupandisha pH ya tangi, asubuhi samaki wanane wamekufa

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Uyole, Mbeya. Mwaka jana baba watoto alinunua tangi la samaki kutoka kwa jirani aliyekuwa anahamia Dodoma. Jirani alituambia ni la lita 200. Lina chujio la sponji linaloendeshwa na pampu ndogo ya hewa, mchanga chini, na mawe tuliyookota mtoni. Hita hatuna. Kijana mmoja anayeleta samaki kutoka Kyela akatuletea mbuna 14, samaki wa Ziwa Nyasa, wa njano na wa bluu wenye mistari. Mwanangu wa darasa la nne ndiye mwenye tangi, sisi wengine tunamsaidia tu.

Kwa miezi mingi hatukuona shida. Maji yalikuwa meupe, unaona mpaka ukuta wa nyuma. Kwa hiyo hatukuwa tunabadilisha maji, yakipungua tunaongeza ya bomba. Lakini tangu baridi ianze mwezi wa sita samaki wamekuwa wazito. Wanakaa chini, rangi imefifia, chakula wanakigusa na kukiacha kianguke mchangani. Nikaagiza karatasi za kupimia maji, zile zenye vipande vitano vya rangi. Ijumaa tukapima. Maji ya tangi: nitrati 160, nitriti 0, ugumu wa maji 75, KH (yaani kabonati iliyomo majini) 0, pH 6.2. Maji ya bomba yaliyolala kwenye ndoo: nitrati 0, nitriti 0, ugumu 25, KH 40, pH 7.2.

Nilikuwa nimesoma kwamba mbuna wanataka pH ya kuanzia 7.8, nikaona hapo ndipo penye ugonjwa. Rafiki yangu akasema kama ni kupandisha pH, magadi yale ya kupikia maharage yanapandisha vizuri. Jumamosi jioni nikayeyusha vijiko viwili vya mezani kwenye jagi, nikamimina polepole. Baada ya saa moja pH ilisoma 8.4 na KH 180. Tulilala tukijua tumewaponya.

Jumapili asubuhi wanane wamekufa. Sita waliobaki wako juu kabisa wanahema, mashavu yamekuwa mekundu. Nimepima tena: nitriti bado 0, nitrati vilevile. Jirani anasema maji ya bomba yana dawa. Mwingine anasema nitumie maji ya mvua. Mwingine anasema nitie chumvi. Baba watoto anasema tangi litolewe sebuleni. Leo Jumatatu sijagusa kitu, naogopa. Hawa sita niwafanyie nini, na nini kimewaua wenzao wakati vipimo vilikuwa vizuri?

Ndaga fijo, Mwalimu.
Mama wa Uyole

Marahaba mwanangu, na pole sana. Mpe pole na kijana.

Maelezo utayasoma baadaye, kwanza fanya haya leo. Usitie magadi tena, usitie chumvi, usiwape chakula leo wala kesho. Pampu ya hewa iache ifanye kazi mfululizo. Halafu toa nusu ya maji ya tangi, urudishie maji ya bomba yaliyolala wazi tangu jana. Kama huna yaliyolala ya kutosha, badilisha kwa kiasi ulichonacho, mengine yachote sasa hivi kwenye diaba, weka jiwe la hewa ndani, yatumike kesho asubuhi. Maji mapya yawe na joto lile lile la tangi: ongeza maji ya moto ya birika kidogo kidogo hadi kipimajoto kisome sawa. Kesho toa theluthi nyingine. Wakiwa bado wanahema juu, keshokutwa toa robo.

Najua utashtuka kusikia nusu. Siku nyingine ningekukataza, na sababu utaiona hapo chini. Leo ni salama kwa kuwa maji yako ya bomba yana pH 7.2, chini ya hiyo ya tangi, tena hayana sumu iliyomo humo. Kila ndoo unayotia inapunguza vyote viwili kwa wakati mmoja.

Sasa tuzungumzie kilichowaua. Ni amonia. Karatasi zako hazipimi amonia kabisa, ndiyo maana vipimo vilionekana vizuri. Nimeijuaje bila kuipima? Wewe mwenyewe umenipa ushahidi wote, na nakushukuru kwa kupima bomba pia, maana wengi wanaoniandikia hupima tangi peke yake.

Tazama ugumu wa maji. Bomba 25, tangi 75. Umekuwa ukiongeza maji bila kutoa, maji yanapanda hewani na madini yanabaki, kwa hiyo madini yamejirundika mara tatu. Hapo hakuna ajabu. KH inatoka kwenye bomba hilo hilo, ikisoma 40. Kama nayo ingerundikana mara tatu, tangi lingesoma 120. Limesoma 0. Kabonati zote zile zimekwenda wapi?

Zimeliwa, na jinsi zilivyoliwa inafahamika. Samaki hutoa amonia kwenye matamvua yake kila anapopumua, na chakula kinachooza mchangani kinatoa nyingine. Kwenye sponji ya chujio kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, na wengine wanaogeuza nitriti kuwa nitrati. Kazi hiyo huzaa tindikali. KH ndiyo akiba ya kabonati inayoimeza tindikali hiyo ili pH isiyumbe. Kila miligramu 1 ya nitrojeni ya amonia inayogeuzwa huondoka na takriban miligramu 7 za akiba hiyo. Maji mengi ya milimani kwetu huku ni laini, akiba yake ni ndogo tangu bombani, na wewe KH 40 ndiyo hiyo. Mtu wa bomba lenye KH 200 anaweza kusahau kubadilisha maji miezi mingi asione kitu. Wewe huwezi.

Nitrati 160 inaonyesha kwamba bakteria walifanya kazi kubwa na ya muda mrefu humo ndani. Akiba ilipokwisha, pH ikaporomoka. Na hapa ndipo penye jambo lililokupoteza: pH ikishuka kuelekea 6, bakteria wale hupunguza kazi hadi karibu kusimama. Baridi ya Juni nayo ikawalegeza zaidi. Samaki waliendelea kupumua, chakula kiliendelea kuoza, amonia ikaanza kupanda bila wa kuigeuza. Nitriti ikasoma 0. Wewe ukaisoma kama afya, na ndivyo wengi wanavyoisoma, lakini nitriti inakuwa sifuri kwa sababu mbili: ama bakteria wa hatua ya pili wanaimaliza, ama wa hatua ya kwanza hawaizalishi tena. Ukiwa na KH 0 na pH 6.2 pembeni yake, ni hiyo ya pili.

Tena hiyo 6.2 yenyewe tuiangalie. Kwenye chati yako ndiyo rangi ya mwisho chini, sivyo? Na 8.4 ndiyo ya mwisho juu. Rangi ya mwisho maana yake ni "hapa au zaidi ya hapa". Ijumaa pH yako huenda ilikuwa 5.8, na Jumamosi baada ya magadi huenda ilipita 9. Karatasi isingeweza kukuambia.

Mbona basi Ijumaa walikuwa hai? Amonia kwenye maji inakaa kwa sura mbili. Moja ni amonia yenyewe, inayopenya matamvua na kuyaunguza. Nyingine ni amoniamu, ambayo samaki huistahimili kwa kiasi kikubwa. Kinachoamua ipi iwe nyingi ni pH, na joto kwa sehemu. Tuseme tangi lako lilikuwa na jumla ya miligramu 5 kwa lita, kiasi cha kawaida kwa tangi lililofika hali hiyo. Katika pH 6.2 na nyuzi 22, sehemu iliyo sumu haifiki miligramu 0.004. Pandisha pH hadi 8.4 bila kubadilisha kitu kingine chochote, sehemu hiyo inakuwa kama 0.5. Ni zaidi ya mara 100. Matamvua huanza kuumia kwenye 0.05 tu. Ongeza na mshtuko wa pH kuruka hatua mbili nzima ndani ya saa moja, wakati kila hatua moja ni badiliko la mara kumi. Wanane walikufa usiku, sita wana mashavu mekundu. Wekundu huo ni matamvua yaliyoungua.

Kwa hiyo pH ya chini haikuwa ugonjwa wenyewe. Ilikuwa matokeo ya kuisha kwa KH, na kwa wakati ule ndiyo iliyokuwa ikiizuia amonia isiwaue. Ungenipigia Ijumaa ningekuambia uiache pH kama ilivyo, upunguze amonia kwanza kwa kubadilisha asilimia 10 ya maji kila siku kwa wiki mbili hivi, taratibu, na pH ingepanda yenyewe huku sumu ikipungua. Hiyo ndiyo sababu nusu kwa mkupuo ningekukataza siku ile: maji mapya ya pH 7.2 yangeipandisha pH ghafla wakati amonia iliyobaki bado ni nyingi. Watu wengi huona samaki wakifa baada ya "kusafisha tangi" na kulaumu bomba, kumbe ni jambo hili hili.

Hebu sasa upate kipimo cha amonia. Usinunue cha karatasi ukiweza, nunua cha matone chenye chupa na kijirija cha kioo. Kama Mwanjelwa na mjini hukipati, wauzaji wa samaki wa mapambo Dar es Salaam wanaweza kukitumia kwa basi. Angalia tarehe ya kuisha kabla hujalipa. Mwachie kijana kazi ya kupima, watoto wa umri ule wana macho mazuri ya rangi na hawana haraka. Asuuze kijirija kwa maji ya tangi, akizamishe kwa mkono hadi katikati ya kina, asichote pale juu penye utando. Maji yafike kwenye mstari kabisa, atazame mstari ukiwa usawa wa jicho. Chupa ya matone aishike wima kichwa chini, maana ukiilaza matone yanakuwa makubwa kwa madogo na hesabu inaharibika. Afunge, atikise, asubiri dakika zilizoandikwa, wala asisome mapema. Halafu akisogeze dirishani penye mwanga wa mchana, karatasi nyeupe nyuma yake. Taa za ndani zenye umanjano hufanya kijani kionekane kidogo kuliko kilivyo. Kwa vipimo vingi vya aina hii njano ni sifuri, na kadiri kijani kinavyokolea ndivyo amonia ilivyo nyingi.

Rangi ikigonga mwisho wa chati, mkumbuke lile la 6.2. Achanganye sehemu moja ya maji ya tangi na sehemu tatu za maji ya kunywa ya chupa, apime mchanganyiko huo, jibu alizidishe kwa nne.

Kipimo cha nitrati cha matone kina ukorofi wake: chupa yake ya pili isipotikiswa kwa nguvu, unga wake unabaki chini na jibu linatoka la uongo, daima la chini. Itikise nusu dakika nzima. Na karatasi ulizonazo usizitupe, kwa KH zinatosha kabisa, ila kifuniko kifungwe kila mara na zikae mbali na jiko. Unyevu wa masika ya kwetu unaziua haraka.

Namba zote ziingie kwenye daftari pamoja na tarehe, joto la maji, na nini kilifanyika siku hiyo. Kipimo kimoja hakisemi mengi. Vitano vya mfululizo vinasema tangi linaelekea wapi.

Ukishafanya mabadiliko ya leo na kesho, KH itakuwa imeshuka kutoka 180 hadi karibu 85, na nitrati kutoka 160 hadi kama 55. Hapo pazuri. Endelea na robo kila siku hadi amonia ishuke chini ya 0.5. Lakini maji ya bomba yana KH 40 tu, na ukiendelea kuyatia hivyo hivyo utarudi kule kule. Ziwa Nyasa lenyewe, walikozaliwa hao mbuna, lina KH karibu 120 na pH kati ya 7.7 na 8.6. Kwa hiyo kila ndoo ya lita 20 ya maji mapya yeyushia nusu kijiko cha chai cha soda ya kuokea, ile bikabonati nyeupe laini. Si hamira, wala ile poda ya kuumulia keki. Nusu kijiko kwa ndoo hiyo kinapandisha KH kwa kama 75, na maji yanasimama karibu na pH 8 bila kuruka. Iyeyushe ndani ya ndoo, usiitie moja kwa moja kwenye tangi.

Magadi yaache jikoni. Yana kabonati kali inayosukuma pH mbali zaidi ya bikabonati, yana udongo na chumvi nyingine, na kila fungu la sokoni lina nguvu yake.

Kwa muda mrefu kuna njia ninayoipenda kuliko soda, nayo ni mawe ya chokaa. Kule Songwe chemchemi za maji moto zimejenga mawe ya chokaa ambayo huchimbwa kama marumaru, na kiwanda cha saruji kipo huko kwa ajili ya chokaa hiyo. Mafundi wa terazo wana vipande vidogo vidogo. Chukua nusu kilo, jaribu kipande kimoja kwa tone la siki au ndimu: kikitoa mapovu ni chenyewe, kisipotoa kirudishe. Osha hadi maji yatoke safi, tia kwenye mfuko wa wavu, uweke pale mapovu ya chujio yanapopita. Uzuri wake ni kwamba jiwe la chokaa huyeyuka maji yakichachuka, na yakikaribia pH 8 linaacha lenyewe kuyeyuka. Haliwezi kukurukia usiku kama magadi. Tafadhali sana, nasema mawe. Chokaa ya unga ya kupaka ukutani ni kitu kingine kabisa, hiyo inaunguza samaki na mikono yako.

Pima pia ukubwa wa tangi. Urefu mara upana mara kina cha maji, kwa sentimita, gawanya kwa 1,000. Kwa vijiko viwili vya magadi kuleta KH ya 180, nadhani humo mna lita 120 hivi za maji, si 200. Ni muhimu, kwa sababu kila dozi utakayotia maishani inategemea namba hiyo, na mbuna 14 wakikua ni wengi mno kwa lita 120.

Hita inahitajika. Mbuna ni wa nyuzi 24 hadi 27, na sebule za Uyole mwezi wa saba mnazijua wenyewe. Lakini usiiwashe wiki hii. Joto nalo huiongeza amonia yenye sumu, kwa hiyo subiri ifike sifuri, kisha pandisha nyuzi moja kwa siku. Kwa lita 120 kwenye nyumba ya baridi, hita ya wati 150 inatosha. Ikiwaka nusu ya muda inakula kama uniti 1.8 za LUKU kwa siku, ambazo utazipunguza ukifunika tangi juu na kuliwekea blanketi kuukuu nyuma na ubavuni. Mpangie baba watoto hesabu hiyo mapema, asishtuke baadaye.

Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na maji yanabeba oksijeni pungufu ya pwani kwa karibu moja ya tano. Vitabu vingi vya samaki vimeandikiwa watu wa chini kule. Pampu ya hewa kwako si pambo, na umeme ukikatika usiku ni vizuri uwe na ile ndogo ya betri. Umeme ukirudi baada ya masaa mengi, suuza sponji kabla hujawasha, kwenye ndoo yenye maji ya tangi. Isioshwe bombani kamwe, dawa ya maji inaua bakteria unaowategemea.

Jirani wa dawa ana hoja, ila si kwa kisa hiki. Klorini ya bomba huwaua samaki kweli, kwa kiasi kidogo ambacho wewe hata hukinusi, na ndiyo maana nimesema maji yalale wazi siku nzima. Lakini Jumamosi hukutia maji mapya zaidi ya jagi moja. Maji ya mvua yakatae, KH yake ni karibu sifuri, yatakuharakishia shida ile ile. Chumvi haiondoi amonia. Inasaidia dhidi ya nitriti, na nitriti itakuja: bakteria wakishapata KH wataamka, amonia itashuka, nitriti itapanda kabla haijashuka nayo. Ikifika 1, gramu 1 ya chumvi ya kawaida kwa kila lita 10 za maji inawakinga samaki wakati unaendelea kubadilisha maji. Kama unamfahamu mtu mwenye tangi zima lenye afya, mwombe kipande cha sponji yake kuukuu ukiweke kando ya yako, kitakupunguzia wiki kadhaa za kungoja. La sivyo hesabu wiki nne hadi sita, au zaidi kwa baridi hii.

Katika muda huo chakula kiwe kidogo, kinachoisha ndani ya dakika mbili, mara moja kwa siku. Baadaye, robo ya maji kila wiki bila kukosa, hata yawe meupe kiasi gani. Amonia haina rangi, nitriti haina rangi, nitrati haina rangi. Weupe wa maji unakuonyesha tu kwamba hakuna vumbi.

Ukitaka jibu la uhakika kuhusu bomba lako, Wizara ya Maji ina maabara ya ubora wa maji hapo hapo Mbeya. Wapelekee chupa safi ya maji ya bomba, uombe ugumu, alkali na pH, utajua karatasi zako zinakosea kwa kiasi gani.

Tangi lisitolewe. Hao sita wakivuka wiki hii wana nafasi nzuri, matamvua huwa yanapona. Na kijana wa Kyela akipita na samaki wengine, mwambie asubiri hadi daftari la mwanao lionyeshe amonia 0 na nitriti 0 wiki mbili mfululizo, KH ikiwa juu ya 80. Hapo mchukue wawili tu, upime kila siku wiki yote inayofuata kabla ya kuwaza wengine.